Wagiriki Kwenye Posa ya Dada

Mimi ni muoga. Naliandika hilo mapema nisije nikafika huko mbele nikajipamba. Naogopa mbwa, naogopa zile ngazi za madukani zinazojiendesha, naogopa simu ya nyumbani ikilia wakati niko peke yangu. Lakini ninachokiogopa kuliko vyote ni kuulizwa mbele ya watu: nyie ni watu gani? Mwaka niliotimiza miaka kumi na tano swali hilo lilinifuata kutoka skuli mpaka sebuleni kwetu, likaja kukaa katikati ya dada yangu na mwanamme aliyemtaka.

Tulikuwa tunakaa Saltley, huku Ulaya, nyumba zilizoshikana kuta, jirani akikohoa unamsikia. Baba alifanya kazi kwa zamu katika kiwanda kidogo cha kupaka vyuma rangi. Bibi, mama yake baba, aliletwa kutoka Unguja mimi nikiwa mdogo, na kiti chake kilikuwa ubavuni mwa hita, hakihamishwi kwa sababu yoyote. Kiangazi na baridi alijifunika shali moja ya sufi ya rangi ya zambarau. Dada alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu kule Selly Oak, na huko ndiko alikokutana na kijana wa mtaa wa Moseley. Kijana mwenyewe hana neno. Neno lilikuwa kwa watu wake.

Watu wake ni Waarabu. Wamefanya biashara Dar es Salaam tangu enzi za mababu, lakini ukiwauliza kwao wapi watakwambia Maskati. Baba wa kijana alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mkubwa wao alikuwa ami yake, ndugu wa marehemu. Ami huyu tulimjua kwa sifa moja tu: aliwahi kuirudisha posa ya binti yake mwenyewe kwa sababu wale waliokuja kuposa hawakuweza kuwataja babu zao. Mama aliisikia habari hiyo kwenye maulidi. Alirudi nyumbani, akafungua bomba, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Na sisi je? Baba akiulizwa husema, "Sisi Washirazi wa Tumbatu." Kisha hueleza habari za ndugu saba waliovuka bahari kutoka Uajemi, kila mmoja akashukia pwani yake, na mmoja wao ndiye babu yetu. Nilikuwa naipenda sana hadithi hiyo. Nilikuwa najilaza nayo. Halafu siku moja Bibi ananisuka nywele nikamuuliza jina la huyo ndugu aliyeshuka Tumbatu, naye akacheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Mshirazi nani? Baba yangu mimi Mnyamwezi wa Tabora. Kaja Unguja kuchuma karafuu. Na baba wa babu yako kaja vivyo hivyo, wamelala kambi moja, wamekula chungu kimoja."

"Na wale ndugu saba?"

"Babu yako kawaokota siku anampeleka baba yako skuli. Mwalimu anauliza kabila. Waliokuwa mbele yake wote wamesema Washirazi, na yeye kasema Mshirazi. Alikuwa afanye nini?" Akaukaza msuko mpaka machozi yakanitoka. "Usimwambie baba yako kama nimekwambia. Hayo mambo anayaamini."

Sikumwambia mtu. Ikakaa tumboni kama kokwa niliyoimeza.

Ndipo skuli tukaanza kusomeshwa Wagiriki wa kale. Nilifurahi mwanzoni, nikidhani ni masanamu na vita. Mwalimu wetu alikuwa bwana mmoja mwembamba anayependa kukaa juu ya meza, na siku hiyo alianza kwa kusema kwamba zamani hizo hakukuwa na nchi inayoitwa Ugiriki. Kulikuwa na miji midogo chungu nzima, inapigana yenyewe kwa yenyewe mwaka mzima, na bado watu wake wakisema sisi ni wamoja na wengine wote ni washenzi. Umoja wao ulikuwa nini basi? Akaandika ubaoni: damu, lugha, mahali pa ibada na sadaka, desturi za maisha. Nikajipima hapo hapo kimoyomoyo. Kwenye damu nikakwama.

Akaendelea. Wagiriki, alisema, walidai wote wametokana na mtu mmoja wa kale aliyezaa wana, wana wakazaa wana, na kila mmoja akawa mzee wa tawi lake: hawa Wadoria, hawa Waionia, na kuendelea. Ila ukoo ukipata nguvu ukataka nao kuingia, palikuwa na njia. Anatafutwa mtoto fulani aliyesahauliwa wa yule mzee, anapachikwa kwenye hadithi, na wao wanakuwa wajukuu zake. Darasa zima likacheka. Mimi nilihisi kama mtu amefungua kabati letu la nguo mbele ya watu.

Halafu akatueleza mambo mawili ambayo mpaka leo sijayasahau. La kwanza ni sikukuu ya kule Athene, ambapo baba humleta mtoto wake mbele ya ukoo ili aandikishwe kuwa mmoja wao. Mnyama wa sadaka anawekwa madhabahuni. Mwenye shaka na mtoto yule hana haja ya kusema kitu. Anamuondoa mnyama tu, basi, na watu wote wameshaelewa. La pili ni mfalme wa kaskazini aliyekwenda kushindana kwenye michezo yao mikubwa, na wakimbiaji wenzake wakamkataa, wakisema michezo hii ni ya Wagiriki na wewe si Mgiriki. Ikabidi asimame mbele ya waamuzi azitaje asili zake, mfalme mzima.

"Nani hapa anaweza kutaja za kwake?" mwalimu akauliza.

Rafiki yangu, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, akanyoosha mkono. Ni Msomali aliyelelewa Nairobi, na mimi na yeye tulikuwa tukizungumza Kiswahili wenzetu wasipate umbea. Alisimama akawamimina babu zake mmoja baada ya mwingine bila kuvuta pumzi, kama anayesoma sura fupi aliyoihifadhi utotoni. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akageuza macho yake mazuri ya huruma, yakatua kwangu.

Nikasema naomba kwenda chooni.

Rafiki alinikuta huko nimesimama mbele ya kikaushio cha mikono, nakibonyeza kila kikizima.

"Wewe, kwani hujui watu wenu?"

"Najua."

"Si basi useme tu! Hakuna mtu angekula wewe."

Nikakibonyeza tena. Ningemwambia nini? Kwamba mimi ninao wa kusema na ninao wa kweli, na sijui mwalimu alitaka wepi?

Nyumbani niliyamwaga yote kwa Bibi, kwa sababu Bibi husikiliza huku amefumba macho na mtu haoni haya. Habari ya mfalme ilimpendeza.

"Sasa hao waamuzi walimkubali?"

"Walimkubali. Alisema babu zake walihamia kule kutoka mji wa Wagiriki khasa."

"Alisema kweli?"

"Mwalimu anasema hakuna anayejua."

"Na mbio alikimbia?"

"Alikimbia, akafika sawa na aliyekuwa wa kwanza."

Bibi akafungua jicho moja. "Miguu yake haikuulizwa kabila basi." Akalifumba tena.

Posa ikapangwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Wiki nzima sikula vizuri. Dada alikuja na begi lake kutoka chuoni akajifungia juu na mimi, akaniuliza kwa Kiingereza, maana yeye hujibu kwa Kiingereza hata akiulizwa kwa Kiswahili, kama nadhani watatukataa. Nikamwambia hapana. Akaniambia, "Wakikataa, sitaolewa na mtu mwingine. Sikutishi, nakwambia tu." Alikuwa ameng'ata ngozi ya kidole gumba mpaka inatoka damu.

Katika nyumba yetu, mwenye nyumba wa zamani aliuvunja ukuta wa katikati huku chini, vyumba viwili vikawa kimoja kirefu. Kwenye dari mpaka sasa ipo alama palipokuwa ukuta. Siku ya wageni alama hiyo ndiyo ilikuwa mpaka wetu: wanaume upande wa dirisha la barabarani, wanawake upande wa jikoni. Ami alikuja na mkewe na mzee mmoja rafiki yake, pamoja na shangazi yake yeye ami, bibi kizee mfupi aliyevaa buibui na soksi nene za mpira, ambaye hakusema kitu zaidi ya kuitikia salamu. Shangazi akapewa kiti karibu na Bibi, kwenye hita. Chini, sawasawa na ile alama ya dari, likawekwa sinia lao limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Halua, udi, chupa ya marashi.

Mama alininong'oneza jikoni, "Watu hawa sinia lao ndo jawabu lao. Likibaki, mambo yamekwenda. Wakinyanyuka nalo, basi tena."

Sikumwambia nilichokifikiria. Nilimwona mnyama madhabahuni.

Nikapitisha sambusa, nikapitisha kahawa, vikombe vinagongana kwenye trei kama meno. Nilikuwa najihesabia kuwa nimemaliza salama, ami akaniita. Alikuwa mtu mtaratibu, ndevu zimechongwa, sauti ya chini.

"Na wewe binti yangu, wanakusomesheni nini huko skuli?"

Kwa nini sikusema hesabu? Kila siku najiuliza. Nikasema, "Wagiriki wa kale."

"Mashaallah. Mimi napenda sana tarehe, hizi habari za kale. Hebu tufahamishe, wale walikuwa watu wa asili gani?"

Mtu muoga akibanwa haongopi, hana nafasi ya kutunga. Nikasema nilichofundishwa: kwamba walidai mzee mmoja, na waliotaka kuingia walitafutiwa mtoto wakapachikwa. Niliyasema nikiangalia soksi zangu.

"Yaani nasaba za uongo," ami akasema.

"Mwalimu hakusema uongo. Kasema ndivyo walivyokuwa."

Mzee mwenzake akacheka kidogo. Ami hakucheka. Aliweka kikombe chini akamgeukia baba, kwa adabu kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Alhamdulillahi sisi kwetu zimehifadhiwa. Mimi naweza kukutajia kuanzia marehemu baba yangu mpaka aliyetoka Maskati. Na nyie, ndugu yangu?"

Baba akakohoa. "Sisi Washirazi wa Tumbatu," akaanza, akaja na ndugu saba, na bahari, na Uajemi. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Ami aliitikia kwa kichwa kila neno, kisha akauliza, polepole, "Huyo aliyeshuka Tumbatu, alizaa nani?"

Baba akafungua mdomo.

Nilisikia maji yakigugumia ndani ya hita. Nilisikia ubao ukilia juu na nikajua dada amelala kifudifudi sakafuni, sikio kwenye zulia. Baba alitazama kitambaa cha sinia kana kwamba jina limedariziwa pale. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa namna ile, na nilijua uoga wangu nimeurithi kwa nani.

"Muacheni mwanangu," Bibi akasema kutoka kitini. "Katoka zamu ya usiku."

Watu wote wakageuka.

"Hilo jina halijui, kwa sababu halipo. Mimi baba yangu Mnyamwezi. Kaja kuchuma karafuu. Mume wangu naye, baba yake Mnyamwezi. Wamechuma hizo karafuu mpaka wamezikwa Unguja. Kama mnataka kuwajua, hao ndo watu wetu. Wameswali, wamefunga, hawajaiba."

"Mama," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Ami alimtazama mkewe upande wa pili wa alama ya dari, na mkewe akaanza kuukusanya mkoba wake. Nikamwaza dada hapo juu. Nikawaza sasa hivi, sasa hivi mtu atainama.

Aliyenyanyuka alikuwa yule shangazi. Alijisukuma kutoka kitini kwa mikono miwili, akasimama, akaanza kulielekea sinia. Hivi ndivyo inavyokuwa, nikajiambia. Hakuna kelele. Anaondoa tu. Nilitaka kufumba macho nikashindwa. Mguu wake wa soksi ukafika ukingoni mwa sinia, ukalizunguka. Akageuka. Akasimama mbele ya Bibi, akanyoosha mkono, akaivuta ile shali ya zambarau mabegani mwake kwa nguvu mpaka Bibi akayumba.

"Hii yangu!" akasema. "Mnyamwezi wee! Mbeba mizigo wee! Mmepita kwetu na mizigo yenu mnanuka jasho, mmemaliza mihogo yetu yote, hamjalipa mpaka leo. Mpaka Ulaya mnakuja kukalia hita ya watu!"

Mimi nilijua tumekwisha. Mama alishika kizingiti cha mlango wa jikoni. Bibi alikuwa amekodoa macho, kilemba kimeenda upande, mabega yake membamba yako nje. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi.

"Ndiyo nini wewe?" akauliza. "Wewe Mzaramo?"

"Mama yangu Mzaramo wa Kisarawe, kwa baba na kwa mama!"

"Loo! Lete shali yangu, mcheza ngoma mkubwa! Nyie si ndo mnauza shamba mcheze ngoma wiki moja, mkimaliza mnakuja kuomba unga kwetu? Umeiuza na akili pia?"

"Akili nimekuuzia wewe, umeshindwa kuibeba. Mnyamwezi anashindwa mzigo!"

"Mfupi kama kinu!"

"Mrefu kama njaa!"

Mama akaniegemea. "Utani," akasema. "Wanyamwezi na Wazaramo ni watani." Nilishawahi kusikia neno hilo lakini sikuwahi kuona linavyofanya kazi: kwamba yapo makabila yaliyopeana ruhusa tangu zamani, mmoja amtukane mwenzake hata msibani, ampore hata nguo, na mwenziwe akikasirika yeye ndiye mwenye kosa. Wale wawili hawakuwahi kuonana maishani. Sasa walikuwa wameshikana mikono, shali katikati, wanatukanana huku machozi yanawatoka.

"Shangazi," ami akasema, "tafadhali, keti."

"Keti wewe!" Hakumtazama hata. "Umekaa hapa unahesabu wanaume wako wa Maskati. Aliyekulea nani? Mama yangu, bibi yako, kakubeba mgongoni, kakupikia kisamvu. Umewataja watu wote hao, yeye umemwacha wapi?"

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mwanzo. Kumwaibisha mtu kama yule, mbele yetu sisi? Ami alikuwa amekunja uso. Alisimama, mzee rafiki yake akasimama, mkewe akasimama. Alimwambia baba, "Tutazungumza," akaenda kuvaa viatu mlangoni. Alivikosea mara mbili. Shangazi alitoka wa mwisho, shali ya Bibi begani.

"Huipati," alimwambia, "mpaka siku ya harusi, uje kuikomboa kwa kuku."

Gari likaondoka. Sinia likabaki.

Lakini limebaki vipi? Limeachwa, au limesahauliwa kwa aibu? Hakuna aliyethubutu kuligusa. Baba alikaa palepale na kanzu yake. Dada alishuka mpaka katikati ya ngazi akaketi. Mvua ikaanza. Nilichukua sweta yangu ya skuli kwenye ndoano nikamvisha Bibi, maana alikuwa anatetemeka, naye akakaa na nembo ya skuli kifuani hana habari.

Gari likasimama tena nje.

"Kafuata sinia," dada akasema. Kwa Kiswahili.

Mlango nikafungua mimi, sijui kwa nini mimi. Ami alikuwa peke yake, hana mwavuli. Alitazama juu ya kichwa changu mpaka ndani, kisha akanitazama mimi, na nilimwona anatafuta pa kuanzia.

"Ulisema walikuwako waliopachikwa... hao Wagiriki. Mtu akitaka kuingia, nani anamkubali?"

"Waamuzi," nikasema. Sauti haikutoka, nikarudia. "Kulikuwa na mfalme, walimuuliza asili yake, wakamkubali."

"Walijua kama kasema kweli?"

"Mwalimu anasema hakuna anayejua."

Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye ndevu. "Shangazi kakataa kushuka garini mpaka nije," akasema. "Kasema kuku awe jogoo. Na mahari tuje tuyazungumze Ijumaa." Akajipangusa ndevu. "Mwambie bibi yako shali iko salama. Kaivaa."

Akageuka, akakimbilia garini kama kijana.

Niliporudi ndani hawakuniuliza, walikuwa wamesikia. Dada alikuwa ameuficha uso kwenye magoti. Mama aliinama akalinyanyua sinia kwa mikono miwili, akapita nalo chini ya ile alama ya dari, akalipeleka chumbani, na muda mrefu hakutoka.

Nikaketi ngazini chini ya dada, nikamsikia baba akivuta kiti chake kukisogeza kwenye hita.

"Mama," akasema, "hiyo kambi ya karafuu. Ilikuwa wapi khasa?"

Bibi akaanza kumwelekeza. Mimi sikusogea wala kukohoa, nikiogopa wasije wakakumbuka kuwa nipo, wakaacha.